Bibi wa Nyumba ya Pampu

Bomba la petroli lilipita jikoni kwa Ivy Wraight, likatokea chini ya mlango wa uani, likavuka kokoto za pwani ya Kent na kuingia baharini hadi Ufaransa, ambako mwanawe Stanley alikuwa akiendesha kifaru cha vita. Siku ya kumhamisha, jeshi lilimruhusu Ivy amalize kwanza chai yake. Meja Lyle, mhandisi wa mradi wa bomba, alimshika mkono na kumwambia, "Vita vikiisha tu, mama, nyumba ni yako. Hilo ni neno la mwanajeshi." Ivy akahamia banda la nyavu la shemeji yake Alfred, akajikaza kisabuni. Alitaka jambo moja tu: Stanley akirudi, amkute mama yake nyumbani kwao.

Wahandisi walibomoa vyumba vyote vya ndani, wakaweka pampu za kusukuma petroli. Nje palitakiwa paonekane kama nyumba ya kawaida, ndege za Wajerumani zisije zikashtuka. Kwa hiyo mchoraji wa jeshi akachora madirisha yenye mapazia, na kwenye dirisha la sebuleni akachora bibi wa makamo ameshika kikombe. Kazi safi, tusimnyime haki yake. Wiki iliyofuata yule bibi aliyechorwa alikuwa amemaliza chai, ameshuka ukutani na yuko uani anaanika nguo.

Alikuwa bapa. Ukimtazama usoni, ni mama wa heshima mwenye lulu shingoni; akigeuka ubavu, ni ukingo wa sahani, na upepo ukivuma ilimbidi ashikilie uzio. Kijijini pale, kuzungumzia umbo la mwanamke ni kukosa adabu, na kusema kwamba nyumba ile si nyumba kulikuwa ni kutoa siri ya jeshi, kosa la kufungwa jela. Basi akaitwa Bi Hartnoll, akasalimiwa, akaulizwa anaionaje hali ya hewa. Kwa kuwa alikuwa na anwani, akapewa mgawo wa sukari. Ivy, ambaye anwani yake ilikuwa nyavu, aliambiwa asubiri.

Siku moja kwenye foleni ya nyama, Bi Hartnoll alipenya mbele ya Ivy kwa ubavu. Watu wa kule huweza kumsamehe mtu aliyeua, lakini si aliyeruka foleni.

"Wewe mama, foleni inaanzia nyuma," Ivy akasema.

"Mimi nipo hapa tangu asubuhi, mpenzi. Hukuniona tu."

Na kweli, hakuna aliyeweza kuapa kwamba hakuwapo. Akapewa soseji za mwisho. Ivy alirudi bandani mikono mitupu.

"Nyumbani kwangu anakaa picha, Alfred. Picha!"

"Punguza sauti, shemeji. Ukuta utakusikia."

"Ukuta? Ukuta umekula soseji zangu!"

Akaenda moja kwa moja kwa Meja Lyle, akamweleza kwamba yule mwanamke ni rangi. Meja alifunga mlango kwanza.

"Ukisema yeye ni rangi, mama, umeshasema nyumba si nyumba. Wataanza kuuliza, kama si nyumba, ni nini? Halafu Stanley wako atapata wapi petroli?"

Hapo alimshika pabaya. Ivy akawa anamwamkia Bi Hartnoll kila asubuhi, mate machungu mdomoni.

Vita vikaisha. Pampu zikang'olewa, mabomba yakavutwa kutoka baharini yakauzwa kama chuma chakavu. Ivy alifika na birika lake na mito miwili. Meja alibisha hodi, akavua kofia, akazungumza na Bi Hartnoll mlangoni, kisha akarudi uso umemwiva kwa aibu.

"Anasema hana pa kwenda."

"Mimi nilikuwa na pa kwenda?"

"Jeshi la Mfalme haliwezi kumtoa mwanamke nyumbani kwake, mama. Tena huyu, aliyekaa hapa vita vyote bila kulalamika."

"Mimi mlinitoa."

"Aa, wewe," Meja akasema kwa upole. "Wewe ilikuwa dharura."

Alisikitika kwa dhati, akampa biskuti. Mwezi uliofuata Bi Hartnoll alitunukiwa nishani kwa kutulia nyumbani wakati wa hatari. Walipata tabu kidogo kuipachika, maana pini ilitokeza mgongoni.

Stanley alirudi mchana, mfuko begani, miguu ikimpeleka yenyewe hadi mlangoni kwao. Bi Hartnoll akafungua.

"Unamtafuta nani, mwanangu?"

"Mama yangu."

"Yuko kule kwenye banda la nyavu. Mama mwema, ila ana wivu."

Stanley alimtazama usoni, akamtazama na ubavu. Alikuwa amelelewa vizuri. Akaomba radhi kwa usumbufu, akafunga geti taratibu.

Bandani hapakuwa na nafasi ya mtu mrefu, kwa hiyo alilala miguu ikiwa nje. Ivy alikaa karibu na kichwa chake.

"Petroli mlikuwa mnapata, mwanangu?"

"Tele, mama. Haikukosekana hata siku moja. Sijui walikuwa wanaitoa wapi."

Ivy, ambaye hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba siri imekwisha, alisema hata yeye hajui, akatoka nje kumfunika miguu kwa gunia.