Boti Iliyoondoka Watu Wamelala

Kitufe cha kukatia tiketi kwenye ukurasa wa mtandaoni kilikuwa kimenuna. Scola alikibonyeza mara ya ishirini, kikabaki kijivu vilevile, akakitukana kwa Kifipa. Safari ya kesho ilifunguka vizuri, ya leo imegoma, na abiria walikuwa bandarini Kasanga tangu alfajiri wakitaka nafasi kwenye boti ya mzee Eustaki.

Jana ilikuwa hivyohivyo. Mzee Eustaki alipopiga simu akifoka, Scola alimjibu bila kupepesa macho kwamba kosa ni la Beda, mwenzake waliyetengeneza naye ukurasa huo. Mzee akasema huyo Beda asiiguse tena kazi yake. Beda, aliyekuwa amekaa palepale akisikia, alifunga begi lake akaondoka.

Sasa Scola alikuwa peke yake na baridi ya Sumbawanga, vidole vimekufa ganzi, hasira zimempanda. Ilikuwa saa moja asubuhi, na boti inaondoka saa tatu. Alifuta mistari ya kodi, yale maagizo ya kompyuta, aliyoiandika Beda, akaiandika upya, kitufe kikagoma. Akairudisha, kikagoma. Alitamani kuitupa laptopu barabarani.

Mwishowe alifanya alichopaswa kufanya jana. Ndani ya programu ya kuandikia kodi aliweka alama nyekundu kwenye mstari unaofunga kitufe boti ikishaondoka, akaiendesha kodi mpaka ikasimama pale, akasoma tarakimu. Saa ya sasa: 7. Saa ya boti: 3.

Akaduwaa. Kompyuta huanza kuhesabu usiku wa manane. Saa tatu ya mzee Eustaki ilikuwa imeandikwa kama alivyoitamka, kwa hiyo kwa kompyuta boti ilishaondoka watu wakiwa bado wamelala. Pembeni ya mstari programu ilionyesha jina la aliyeuandika: Scola.

Akaweka 9. Kitufe kikageuka kijani papo hapo, naye hakufurahi hata chembe. Alimpigia Beda, akamweleza yote, akamsihi arudi.

Beda akamkumbusha: "Juzi nilikuambia tuziangalie hizo saa, ukasema nakuchelewesha."

"Nakumbuka. Nisamehe, Beda."

"Mimi nimekusamehe. Lakini aliyenifukuza ni mzee, na mzee anajua ulichomwambia wewe."

Akakata simu. Scola akalitafuta jina la mzee Eustaki kwenye simu, akapiga.

"Shikamoo, mzee. Ni Scola. Kosa si la Beda; saa ya boti niliiandika vibaya mimi."