Nusu Saa ya Moto

Saa moja kasorobo asubuhi, katikati ya mlima wa Nantddu, gari la Delyth Prosser lilikataa kupanda. Halikuzimika. Lilishikilia gia ya pili na kwenda mwendo wa watu wanaofuata jeneza. Taa ya njano kwenye dashibodi, iliyokuwa ikiwaka na kuzima tangu wiki ya Krismasi, sasa iliwaka moja kwa moja. Delyth alikanyaga mafuta mpaka kisigino kikamuuma. Nyuma yake lori la takataka lilipiga honi.

"Piteni basi!" alifoka ndani ya vioo vilivyofungwa. "Mnadhani nimesimama kuhesabu kondoo?"

Alifika kwa Mzee Idwal Bevan akiwa amechelewa dakika tisa. Ratiba ilimpa kumi na tano: kumwosha, kumvalisha, kumlisha uji, kumpa dawa. Aligusisha simu kwenye kibandiko cha kampuni mlangoni, ikalia, na saa ya ofisi ikaanza kukimbia. Njia kati ya nyumba na nyumba haikuhesabiwa kuwa kazi. Hiyo aliipita kwa muda wake na kwa dizeli yake, wazee kumi na sita kwa siku, kila mmoja dakika nne au tano kutoka kwa mwenzake.

"Umenikuta hai. Hongera," alisema Mzee Idwal kitandani. Alikuwa ameendesha mabasi ya bonde lile miaka thelathini na moja; sasa miguu haikuweza kumfikisha chooni bila bega la mtu. "Nimelisikia gari lako toka kona ya kanisa. Limebanwa kifua."

"Nyamaza, mzee. Nyanyua mkono."

"Lipeleke kwa fundi, binti. Mimi nipo tu, sina safari."

Mchana, badala ya kula, alishuka gereji kwa Gethin, chini ya daraja la reli. Gethin alisoma naye darasa moja. Alichomeka mashine yake ya kupima, akasoma, akaguna. Kisha akaingia uvunguni, akachomoa vimpira viwili vinavyopeleka kwenye sensa presha ya mbele na ya nyuma ya chujio la moshi, akavipuliza kimoja kimoja.

"Mipira mizima. Sensa nzima. Ni chujio lenyewe, limejaa masizi." Alijifuta mikono kwenye ovaroli. "Hili dude huwa linajichoma masizi yake, lakini mpaka ekzosi ipate moto wa kweli. Moto haupatikani kwa dakika nne nne, dada. Likianza kuchemka, wewe unazima unaingia kwa mzee. Toka lini hujalitoa barabara kuu?"

Delyth alifikiri. "Msiba wa shangazi. Septemba."

"Niachie nusu saa. Nitalilazimisha lijichome hapa hapa. Sikutozi kitu."

Injini ilinguruma yenyewe, hakuna aliyekanyaga. Nyuma ya gari hewa ilianza kucheza kwa joto, na harufu kali ikajaa gereji. Kwenye kioo cha mashine masizi yalikuwa yakipungua: asilimia tisini na nne, tisini, themanini na tatu. Delyth alifungua mkate wake wa jibini. Ilipofika dakika ya kumi na moja simu ililia. Alikuwa Nerys, mpanga ratiba.

"Delyth, ramani inaonyesha umesimama."

"Niko mapumziko. Niko kwa fundi."

"Ceri anaumwa, hakuja zamu, na Bibi Olwen wake hajala tangu asubuhi. Wewe ndiye wa karibu."

"Nipe dakika ishirini."

"Ningezitoa wapi, mwenzangu? Bosi mwenyewe, Bwana Vaughan, kasimama hapa nyuma yangu. Niandike umekataa?"

Gethin alikuwa amesikia. "Usithubutu. Ukikatiza sasa, dizeli ya kuchomea inashukia kwenye oili, na masizi yanagandana kama lami. Mwambie huyo bwana..."

"Nimeshamwambia."

"Mwambie tena!"

"Zima, Gethin."

Alizima. Akalitupa tambara lake ukutani, wala hakwenda kuliokota.

Kesho yake gari lilikufa chini kabisa ya mlima, kwenye mvua. Delyth alipiga simu ofisini. Nerys akamwambia hana mtu mwingine, na kwamba mfumo umeshaiahirisha zamu ya Mzee Idwal mpaka jioni.

"Jioni? Nerys, mzee hawezi hata kwenda chooni!"

"Sikupanga mimi."

Alipanda kwa miguu dakika arobaini. Mzee Idwal alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na mlango, amelowa mkojo, mguu mmoja umegeukia upande usio wake.

"Nilisikia gari," alisema. Hakumtazama. "Nikajua ni wewe. Kumbe la maziwa."

Delyth alimfunika, akakaa sakafuni, akakiweka kichwa chake mapajani. Gari la wagonjwa lilifika baada ya muda wa saa tatu nzima. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Jumamosi Gethin alilifungua chujio, akalilaza kwenye beseni, akalipitisha maji. Yalitoka meusi kama wino. Aliyamwaga, akatia mengine, mchana mzima, mpaka yakatoka meupe. Akabadilisha oili, akafunga, akalipeleka gari barabara kuu na kurudi. Taa ilikuwa imezimika. Maji meusi ya mwanzo alikuwa ameyatia kwenye chupa ya maziwa.

"Waonyeshe," alisema. "Wasije kukuambia ni uzembe."

Jumatatu Delyth aliitwa ofisini. Bwana Vaughan alikuwa na karatasi mbele yake, na Nerys pembeni akiandika bila kuinua macho. Bwana Vaughan aliongea taratibu, kama mtu anayempa mwenzake pole. Kifungu cha tisa cha mkataba: mhudumu atahakikisha chombo chake cha usafiri ni kizima wakati wote. Mteja ameumia. Familia ya mteja inauliza. Kampuni haina budi.

Delyth aliiweka chupa mezani.

"Hili si suala la gari, Bi Prosser. Ni suala la wajibu. Mimi mwenyewe nina dizeli. Kila dereva anayejiheshimu anajua, mara moja moja unalitoa barabara kuu. Imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Nusu saa tu. Hilo lilikushinda nini?"

Kalamu ya Nerys ilisimama.

Delyth alikuwa amepanga maneno njia nzima. Badala yake alifungua kizibo, akaiinamisha chupa. Maji meusi yalipita juu ya kifungu cha tisa, juu ya picha ya watoto wa Bwana Vaughan, yakaingia kwenye mkono wa shati lake, yakafika ukingoni mwa meza na kuanza kudondoka kwenye zulia la rangi ya maziwa.

Bwana Vaughan alisimama, mikono juu. "Nerys. Mwite msafishaji."

Akaja mwanamke wa rika la Delyth, aproni ya buluu, ndoo mkononi. Alipiga magoti, akafuta. Weusi ukatanuka.

"Hii haitoki," alisema chini chini. "Nina ofisi tatu zingine kabla ya saa nne, na hii haitoki."

Delyth alichukua tambara la pili ndooni, akapiga magoti kando yake. "Nisamehe, dada. Sikukukusudia wewe."

"Usisugue," alijibu yule mwanamke bila kumtazama. "Bonyeza. Ukisugua unalishindilia doa ndani."

Wakabonyeza, wawili. Juu yao Bwana Vaughan alimsomea Nerys tarehe, saa, na mali iliyoharibiwa. Kisha akainama juu ya meza.

"Na wewe," alimwambia msafishaji, "jina lako nani? Umeingia saa ngapi humu? Tuandike muda."