Sponji ya Kipaza Sauti

Mzee Nyuzi hakuwa amepanda jukwaani kwa miaka kumi na mmoja, tangu mkewe afariki. Siku aliyokubali kupanda tena, alimwambia bintiye jambo moja tu: "Mitambo ushike wewe. Sitaki mtu mwingine aichezee sauti yangu."

Binti yake alikuwa fundi wa sauti, na huko kazini walimwita Fundi tu, kana kwamba hakuna mwingine. Alishafunga spika viwanjani, harusini na misibani, lakini ukumbi ule mkongwe, wenye paa la bati na jukwaa la mbao lililobonyea katikati, hakuwahi kuufanyia kazi. Jumapili hiyo asubuhi alipowasha mitambo, kabla mtu hajagusa chochote, spika zilianza kunguruma. Ulikuwa mvumo mzito wa chini chini, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Alibadilisha waya, mvumo ukabaki. Akabadilisha mwingine, ukabaki vilevile. Akachomoa kifaa kimoja baada ya kingine, na alipochomoa gitaa la baba yake, ukakatika.

"Amplifaya yako ina tatizo, baba?"

"Imetoka kwa fundi juzi. Kama mpya."

Saa sita wakapima sauti. Mzee Nyuzi alishika nyuzi, akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, kisha akarudi nyuma ghafla akijifuta midomo kwa mgongo wa mkono.

"Kimenitekenya," alisema. "Kama kulamba betri." Akacheka. "Nadhani kimenikumbuka."

Baba mdogo wa Fundi, aliyekuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, akacheka naye. Fundi hakucheka. Alienda moja kwa moja kwa msimamizi wa ukumbi, bwana mmoja mpole ambaye wanamuziki walimbandika jina la Bwana Tutaona.

"Soketi za jukwaani zina waya wa ardhi, ule wa kuondoa umeme unaovuja?"

"Zina kila kitu, dada yangu. Hapa muziki unapigwa kila wiki."

"Nataka kufungua mbao nione nyaya."

"Jukwaa limepigiliwa misumari. Kesho tutaona."

Soketi ya kule nyuma, alikochomeka mashine yake, ilikuwa salama, akataka kuvuta umeme wa amplifaya kutoka huko, ila waya mrefu aliokuja nao haukufika hata nusu ya ukumbi. Akamrudia baba yake, akamweleza hofu yake, akamwomba waahirishe.

"Watu wako mlangoni, mama," alisema mzee. Alizoea kumwita mama, kwa kuwa binti alirithi jina la nyanya yake. "Miaka kumi na mmoja nimewaambia kesho. Leo tena niwaambie kesho?"

Basi Fundi akafanya alichoweza. Alikivisha kipaza sauti sponji nene, akaongeza ya pili juu yake, akaifunga kwa utepe wa gundi. Akavuta zulia la mpira kutoka mlangoni, akalitandika baba yake aliposimama. "Usikiguse hiki kitu," alimwambia. "Hata kwa kidole. Na mdomo ukae mbali, kiasi cha kiganja." Kisha akalipunguza gitaa mpaka mvumo ukafifia, na gitaa lenyewe likafifia nalo. Alijua kitakachotokea. Baba yake angesikika kama mtu anayeimba huku kafunikwa mto usoni.

Saa tisa kamili ukumbi ulikuwa umejaa. Wimbo wa kwanza watu walivumilia. Wa pili, mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Ongeza." Wa tatu, miluzi ikaanza. Mwanamume mmoja aliyevaa suti akaja hadi kwenye meza ya Fundi, akainama.

"Dada, tumekuja kusikiliza au kutazama?"

"Samahani, bwana. Ukumbi una hitilafu."

"Hitilafu ni wewe," alisema, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Nyuma yao wakatoka wengine.

Kule jukwaani Mzee Nyuzi aliinua kidevu. Ndiyo ishara yao tangu zamani: nipandishe. Fundi akainamisha macho, akajifanya anahangaika na vitufe. Aliinua tena, na tena. Mara ya nne hakuinua kidevu, alimtazama tu, na jicho lile lilimchoma kuliko miluzi yote.

Ndipo mvua iliposhuka. Ilianza kama mchanga juu ya bati, ikawa kishindo. Tone likaanguka jukwaani, likafuatwa na lingine, kisha maji yakachirizika karibu na amplifaya na kuzama katikati ya mbao. Ule mvumo ukabadilika. Ukajaa, ukawa na meno, hata waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza kuusikiliza.

Mzee Nyuzi alikuwa ameanza wimbo aliomtungia mkewe. Katikati ya ubeti wa kwanza akasimama. Akainyaka ile sponji, akaing'oa na kuitupa chini. Vidole vya kushoto vilikuwa bado vimebana nyuzi. Kwa mkono wa kulia, taratibu, akaanza kuuendea mlingoti wa kipaza sauti auvute karibu.

Swichi kubwa ilikuwa ukutani, hatua sita kutoka kwenye meza. Fundi hakumbuki alivyozipiga. Anakumbuka uzito wa kile chuma alipokivuta chini, na kimya kilichofuata, kimya cha mvua tupu.

Katika mwanga wa kijivu wa madirisha, baba yake alisimama mkono ukiwa hewani, vidole havijafika.

"Washa," alisema.

"Siwashi, baba."

"Washa. Aibu uliyonitia imetosha."

Fundi akabaki ameegemea swichi mpaka mtu wa mwisho alipotoka. Mzee aliondoka na baba mdogo bila kuaga, gitaa akaliacha palepale.

Kesho yake asubuhi Fundi alimleta fundi umeme. Mzee Nyuzi naye akaja, kwa sababu ya gitaa tu, alivyosema, na hakumwamkia mtu. Wakang'oa mbao mbili. Chini yake palinuka unyevu na panya. Waya wa ardhi ulikuwa umekatwa na kuvutwa wote, bila shaka na mtu aliyetaka shaba yake, kikabaki kipande kwenye soketi. Kando yake waya wa moto ulikuwa umetafunwa ngozi, umelalia kile kipande, na vyote viwili vimelowa, hivyo umeme ulipita moja kwa moja hadi kwenye amplifaya na gitaa.

Fundi umeme aliwasha tena swichi kubwa. Alichomeka amplifaya, akachukua balbu yenye nyaya mbili, moja akaigusisha kwenye uzi wa gitaa, nyingine kwenye kipaza sauti.

Balbu ikawaka. Haikumwekamweka, iliwaka mwanga wa kusomea gazeti.

Mzee Nyuzi aliinama kuitazama. "Jana kilinitekenya tu."

"Kabla ya mvua palikuwa pakavu," alijibu fundi umeme, akaiondoa balbu.

Bwana Tutaona alifika, akachungulia shimoni, akaguna. "Tutalishughulikia mwisho wa mwezi."

"Na Jumamosi hapa kuna nini?" Fundi aliuliza.

"Kwaya ya shule ya msingi. Tangazo limeshabandikwa, siwezi kuwarudisha."

Mzee Nyuzi akaenda ukutani, akafungua kifuniko cha swichi kubwa. "Mama, hizi zinatokaje?"

Fundi akazima umeme, akachomoa fyuzi tatu, akamkabidhi. Mzee akazitia mfukoni mwa koti.

"Mzee, hiyo ni mali ya ukumbi," alisema Bwana Tutaona.

"Zifuate kwangu. Uje na waya mpya."

Walitoka nje, mzee kabeba gitaa mwenyewe. Manyunyu yalikuwa bado yanaanguka.

"Fyuzi kama hizo zinauzwa kila duka, baba," alisema Fundi. "Jioni atakuwa ameweka nyingine."

"Najua." Alitembea hatua chache, akasimama kumsubiri. "Hiyo shule iko wapi?"