Shangazi Alivyoiponda Nyumba

Kinyozi alikuwa na uso usiojua kuficha kitu. Ndiyo maana siku walipokwenda kuiona nyumba, mkewe alimkataza kabisa kufungua mdomo. Nyumba zilikuwa adimu mjini, na walikwisha kupokonywa nyingine na watu wenye haraka na pesa zaidi. Hii waliipenda tangu getini.

"Mambo ya bei mwachie shangazi," mkewe alisema. "Wewe tazama viatu vyako."

Shangazi yake kinyozi alikuwa bingwa wa kutoa kasoro. Harusi yao alikuwa bado anaikosoa mpaka leo. Aliingia sebuleni, akanusa, akaanza.

"Dari hii imeinama kama inamchungulia mtu."

Mwenye nyumba, fundi saa mstaafu, mtu mpole, akatazama juu. "Kweli?"

"Na jikoni humu, mtu akigeuka na sufuria, mmojawapo atabaki nje."

"Sikuwahi kuliona hilo."

"Mlango wa choo nao unalia. Nyumba nzima itajua nani kaenda, na kwa haraka gani."

Moyoni, kinyozi alikuwa ameshaweka kiti chake pale dirishani na kunyoosha miguu. Tabasamu likaanza kumtoka, mkewe akamkanyaga.

Shangazi akanogewa. Akaponda sakafu, akaponda madirisha, akauponda hata upepo, kwamba unaingia bila hodi. Walipofika uani, mzee alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika tama.

"Basi, baba, utupunguzie," mke wa kinyozi akasema kwa upole.

"Nipunguze nini, mwanangu? Siuzi tena. Nyumba kama hii nitamuuziaje binadamu mwenzangu? Usingizi nitaupata wapi? Afadhali niibomoe."

Shangazi akaanza kuifunga upya khanga yake, ingawa ilikuwa imefungwa vizuri.

Kinyozi uvumilivu ukamshinda. "Mzee, dari ile haina neno. Imeinama kwa heshima tu."

"Na jiko?"

"Jiko dogo linaleta mapenzi," mkewe akadakia.

"Na choo?"

Wote wakamgeukia shangazi. Akameza mate kama anayemeza kidonge kikubwa. "Mlango unaolia ni mlinzi," akasema. "Tena halipwi mshahara."

Wakaanza kuzunguka upya, chumba kwa chumba, safari hii wakisifu. Kinyozi, maadamu amefunguliwa mdomo, hakuwa na breki. Akausifu ukuta, akaisifu misumari iliyomo ukutani, akaisifu alama iliyoachwa na picha iliyokwisha kutolewa. Damu ikamrudia mzee usoni. Waliporudi sebuleni alikuwa anatembea kifua mbele, akiipapasa milango kama anayeitambua upya.

"Kumbe nilikuwa naitoa bure," akasema. "Itabidi niongeze kidogo."

Mke wa kinyozi alimtupia mumewe jicho ambalo lingeweza kunyoa. Wakakaa chini, wakavutana, wakabembelezana, chai ikapoa vikombeni. Mwishowe mzee akakubali kurudi kwenye bei yake ya mwanzo, bila kuongeza wala kupunguza hata senti, wakapeana mikono.

Walipotoka, mke wa kinyozi alinuna hadi kwenye kona. Hapo kicheko kikamponyoka, ikabidi ashike ukuta wa watu.

"Heshima!" alisema, akijifuta machozi. "Eti dari ina heshima."

Kinyozi naye akacheka kwa sauti, uso mzima. Shangazi alikuwa ametangulia mbele yao, akimweleza muuza maji asiyemjua jinsi alivyowapatia vijana wake nyumba.