Nyanya Sita za Uzi Mwekundu

Mtaa mzima ulimwita Bi Mizani, na si kwa sifa. Mjane huyu nyanya haimpiti bila kupimwa. Aliikata katikati, akahesabu vyumba vya mbegu, akaibonyeza nyama kwa kidole gumba, kisha akaikausha juu ya wavu na kuipima tena. Majirani walicheka mpaka wakachoka, wakamwachia wazimu wake.

Misimu minne alikuwa akichagua nyanya ya kukausha. Zile kubwa za mviringo, zinazogombaniwa sokoni, zilikuwa maji matupu. Zikikauka zinabaki ngozi za kutia huruma. Zile ndogo tamu zilikauka vizuri, ila kuzikata kulimaliza siku na vidole. Mwishowe ikajitokeza moja ndefu, ngumu, yenye nyama nene na vyumba viwili tu vya mbegu. Ikiwa mbichi haikuwa na ladha ya maana. Kaka yake aliionja akaitema. Lakini ikikauka ilibaki nyekundu, tamu, na haikuota ukungu hata mvua zikishika.

Msimu huu alizipanda mbegu zake zote. Ugonjwa wa mnyauko ukapita shambani bila haya, ukamwachia mche mmoja, na mche huo ukazaa nyanya sita. Kila moja aliifunga uzi mwekundu kwenye kikonyo, ibaki pale mpaka iive kupita kiasi, aitoe mbegu na kuanza upya. Maana ya uzi huo hakumweleza kaka yake. Aliona jambo lenyewe liko wazi, na hapo ndipo alipojiponza.

Binti yake akajifungua, naye Bi Mizani akaenda kumuuguza wiki nzima. Aliporudi alikuta mgeni uani, mama mwenye duka la vyakula, aliyekuwa akitafuta nyanya kavu za kuaminika kwa muda mrefu. Kaka yake, dereva mstaafu asiyejua kukaa bure, alikuwa ameketi naye, meno yote nje.

"Dada, pole na safari. Tumepata mteja."

Kwenye sahani kulikuwa na vipande vichache vyekundu. Bi Mizani alivitambua kabla hajavigusa. Akapitiliza hadi kwenye mche, akakuta majani yaliyokwisha kunyauka tu, kisha akarudi.

"Umechuma zile za uzi?"

"Hizo hizo. Nilijua umezitia alama kwa kuwa ndizo bora. Nikasema mteja wa watu tusimwonjeshe takataka."

"Na mbegu?"

"Nimezitoa zote, dada. Si ndivyo ulivyonifundisha? Mbegu zinashika maji, zinachelewesha kukauka. Nimekwangua kwa kijiko, pole pole, hadi zikaisha."

"Ukazipeleka wapi?"

"Nikawapa kuku," alisema, na sauti yake ikaanza kushuka.

Bi Mizani akaivuta sahani. Aligeuza kipande kimoja kimoja, akakichungulia kwenye mwanga, akitafuta hata mbegu moja iliyosahaulika. Kaka yake alikuwa amefanya kazi safi.

"Mama, nimeonja nyanya kavu nyingi," mgeni alisema, "lakini hizi nimezivulia kofia. Nataka hizi hizi, kila msimu. Mbegu yake ni ipi?"

Matusi yalimjaa Bi Mizani mdomoni, akakosa wa kumtukana. Kila alichofanya kaka yake kilikuwa somo lake mwenyewe, neno kwa neno, na hilo lilimuuma kuliko hasara. Akakitia kipande mdomoni, akakitafuna taratibu. Kilikuwa kitamu sana.

"Mbegu yake haipo tena," akamjibu. "Ulichokula ndicho kilichobaki."

Mgeni akatazama chini, akaaga kwa adabu na kuondoka. Kaka yake alibaki amesimama, hajui aweke wapi mikono, kisha akaitia mfukoni.

"Ila nyuzi zako sikuzitupa, dada," alisema. "Nimekutunzia."

Akamwekea kiganjani nyuzi sita nyekundu, zimekunjwa vizuri.