Marehemu Mwenye Povu Shavuni

Kaka mtu aliingia saluni asubuhi, akavua kofia, akajikalia kwenye kiti chake cha kunyolea. Mdogo mtu, aliyekirithi kiti hicho bila mwenyewe kufa, alihisi uso unawaka kwa aibu.

"Nitoe ndevu, mdogo wangu. Kesho narudi kazini."

Akampaka povu kwa heshima zote za ukoo.

Aibu yenyewe ilianzia hospitali. Mdogo mtu alikuwapo daktari alipoeleza kwamba zamani saratani ya damu ya aina iliyompata kaka haikumpa mtu muda, lakini sasa kuna vidonge vinavyolenga hitilafu iliyomo ndani ya seli zenye ugonjwa, na wengi wanaovimeza kila siku bila kuruka huishi miaka mingi. Daktari alieleza taratibu, hata akachora. Mdogo mtu alitikisa kichwa kama msomi, ila masikio yake yalikuwa yamefunga duka kwenye neno "saratani". Alilia kwa dhati. Machozi yalipokauka, akawakumbuka wateja. Kila aliyeuliza habari za kaka, fundi mwenye saluni, alijibiwa, "Ndiyo hivyo tena," kichwa kimeinama. Wakampa pole. Akazipokea zote.

Sasa alitaka kukiri kabla mtu hajaingia.

"Kaka, kuna jambo."

"Nyoa kwanza. Mwenye wembe haleti habari."

Alikuwa amemaliza shavu moja mlango ulipofunguliwa. Akaingia mwalimu mstaafu, mteja wa tangu enzi, akavua miwani kwa huzuni.

"Kijana, nilikuwa safarini. Pole sana kwa msiba wa kaka yako. Alikuwa na mkono mwepesi."

"Asante, mwalimu," likajibu povu.

Mwalimu akashika ukuta.

Kaka mtu akageuza shingo polepole. "Nilikufa lini?"

"Sikusema umekufa, kaka. Nilisema ndiyo hivyo tena."

"Mimi nameza kidonge kila asubuhi ili niishi, wewe unameza pole zangu."

Mdogo mtu alitamani ardhi ipasuke. Ardhi, kama kawaida yake, ilikataa.

"Haya, mweleze mwalimu kwa nini niko hai. Si tulikuwa wote kwa daktari?"

Akafungua kinywa. Likatoka neno "saratani" tu, maana ndilo la mwisho alilosikia. Ikabidi mgonjwa mwenyewe aeleze, povu likimkaukia kwenye shavu lililobaki, na mdogo mtu akasikiliza kwa mara ya kwanza, asijue pa kuyaweka macho.