Koplo Aliyezikwa Mgombani

Mimi hasira zangu ziko karibu, nasema mapema usije ukashangaa. Nina miaka arobaini na sita, natengeneza simu na redio mjini Moshi, na kila Jumapili mchana, kibanda kikiwa kimefungwa, najirekodi nikichambua midoli ya kukusanya: askari wa anga, maroboti, madubwana ya nyota za mbali. Nina wafuatiliaji mia nne na kitu. Mke wangu Stella anasema mia tatu kati yao ni ndugu zake wananionea huruma. Uongo mtupu. Ana ndugu wengi, lakini si kiasi hicho.

Mwezi uliopita jamaa mmoja wa mtandaoni, mkusanyaji mwenzangu, alinitumia mzigo. Nikaegemeza simu kwenye kopo la nyaya, nikawasha, nikafungua boksi huku naongea. Nilikuwa sijui kilichomo, maana alitaka nishtuke. Basi nikashtuka. Ndani alikuwa Askari wa Obiti, Namba Tisa, toleo jipya.

Nilimjua kabla sijamtoa kwenye plastiki. Helmeti ile ile ya mviringo, kioo cha dhahabu mbele ya uso, mipira miwili myekundu ikitoka kifuani kwenda mgongoni. Nilikuwa naye mwaka themanini na tisa, nikiwa mtoto wa miaka kumi, kule kwetu Uru, mlimani.

Nikaanza uchambuzi kama kawaida yangu. Nikasema viungo vimeboreshwa, goti sasa linakunja mara mbili, la zamani lilikuwa gumu kama kuni mbichi. Rangi ya kifuani imetulia, haikuvuka mstari. Ila bunduki, jamani, bunduki wameiharibu! Ya zamani ilikuwa na kitako kifupi, hii ndefu inamfanya aonekane anapiga deki. Nikasema na kiganja nacho kimelegea, hakishiki kitu. Nikampa nane kwa kumi. Halafu mdomo wangu ukaendelea wenyewe, ukasema: "Wa kwangu alikuwa hana mkono wa kushoto, na nilimzika mwenyewe mgombani, pale mpakani na kwa Mama Fabian."

Nikazima simu. Miaka thelathini na sita nilikuwa sijawahi kuitamka sentensi hiyo.

Stella alikuwa mlangoni ameshika chupa ya chai. Yeye ameolewa Uru, kwa hiyo habari za Mama Fabian anazijua kama wote wanavyozijua. Akaiweka ile chupa chini taratibu. "Rudia," akasema.

Acha nieleze ilivyokuwa. Mwaka ule parokia ilipokea marobota ya nguo kutoka ng'ambo, mama akanipatia koti la baridi la mtu mzima, lilinifika kwenye nyayo. Mfukoni ndimo alimokuwa yule askari, bila mkono, bila boksi, bila jina. Nikamwita Koplo. Hakuna kitu nimekipenda hivyo tena, na Stella anaweza kusoma hapa, sijali. Nilikuwa nikienda naye kuchota maji, nikienda naye kukata majani ya ng'ombe, usiku analala kwenye soksi. Harufu ya plastiki yake ikichanganyika na moshi wa jikoni kwa mama, hata leo nikiipata popote nasimama.

Siku moja Koplo akafa vitani, kwenye sayari ya mbali. Mimi ndiye niliyeamua. Sasa sisi Wachagga mtu wetu halazwi ugenini. Hata akifia Ulaya analetwa, analala kwenye kihamba chake, shamba la ukoo, kati ya migomba. Nikaona Koplo naye anastahili. Nikamfunga kwenye gome kavu la mgomba, nikamzungushia uzi mwekundu wa mama wa kushonea, nikamwekea unyoya wa jogoo kuwa nishani. Nikachimba mpakani, palipokuwa na udongo laini, nikamfukia, nikasali Baba Yetu. Nilipanga kumfufua siku ya tatu, kama tulivyofundishwa. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne baba akaingia mgombani na jembe.

Hebu niambie wewe. Wiki ile ile ng'ombe wetu wa maziwa amekufa bila kuugua. Unachimba mpakani, kwa jirani mjane ambaye mwezi uliopita mlibishana naye juu ya mpaka huo huo, unakuta kifurushi cha gome la mgomba, uzi mwekundu, unyoya wa jogoo, na ndani yake mtu mdogo hana mkono, hana uso. Ungesema ni mdoli? Baba hakuwahi kuona mdoli wa aina ile maisha yake yote. Alipiga yowe mpaka watu wakatoka kwenye vihamba vya juu.

Walimmwagia mafuta ya taa. Koplo aliwaka kwa moshi mweusi, akawa anajikunja, na wazee wakasema huo ndio uchawi unatoka. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Baba akanitazama, jembe bado mkononi, macho yamemtoka, nami nikaufunga. Nilijiambia nitasema kesho. Kesho yake watu walikuwa wameshaacha kununua maziwa kwa Mama Fabian.

Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemfukuza. Walimwachia tu nafasi kubwa. Akipika mbege, pombe yetu ya ndizi, inachacha, hakuna anayekwenda kunywa. Akipita kwenye mazishi, wanawake wanasogeza watoto. Jumuiya yetu ya sala inazunguka nyumba kwa nyumba, leo kwa huyu, Jumamosi ijayo kwa yule. Zamu yake ikikaribia, inaonekana sababu ya kuruka. Mvua. Msiba. Kahawa haijachumwa. Watu wakasema lisemwalo lipo. Fabian, mwanawe, rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja, alimaliza la saba akaenda Himo kwenye malori na huwa harudi hata Krismasi, wakati Mchagga asiyepanda nyumbani Krismasi anahesabiwa mgonjwa au mfungwa.

Nami nilikua, nikaoa, nikamzika baba. Kila mwaka jambo lilizidi uzito na mimi nilizidi uoga. Huo ndio ukweli, sina mapambo ya kuuwekea.

"Mama wa watu ana miaka themanini na moja," Stella akasema. Alikuwa analia kwa hasira, na mbele ya hasira za Stella zangu hazifui dafu. "Amelazwa mara mbili mwaka huu. Unangoja nini, uende ukaliambie kaburi?"

"Atanifukuza."

"Akufukuze! Mficha uchi hazai, Aristides. Kesho tunapanda Uru, na utakata isale."

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda kwenye mipaka na makaburini. Ukimkosea mtu kosa kubwa, unampelekea jani lake lililofungwa fundo, na mwenye kupelekewa hatakiwi kulikataa. Ndiyo maana nililiogopa. Nilitaka kusamehewa na mtu mwenye uwezo wa kukataa.

Tulimkuta barazani anachambua maharage. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini macho yako palepale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ni wa kwa marehemu Aloisi." Hakuuliza, alisema. Mtoto wa baba yangu kuingia uani kwake lilikuwa jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu mwaka ule.

Nikapiga magoti, nikaweka isale kwenye ungo, juu ya maharage. Nikamweleza yote, koti, uzi, unyoya, mvua. Stella hakunisaidia hata neno moja. Kisha nikamtoa askari mpya kwenye begi, maana nilitaka aone kwa macho yake.

Mama Fabian akampokea. Akamgeuza, akamkunja goti, akamkunjua. Akagonga kioo cha dhahabu kwa ukucha.

"Huu ndio uchawi wangu?"

"Ndiyo, mama."

"Huu!" Akacheka, kicheko kikavu, mabega yakitikisika, na kikageuka kuwa kitu kingine ambacho sikuweza kukitazama. Nikainamisha kichwa. "Nilikuwa najiuliza nilifanya nini," akasema. "Usiku nilikuwa najikagua. Nikasema labda nilimtamkia mtu vibaya bila kujua. Nilikwenda kuungama, Aristides. Niliungama kitu nisichokijua."

Nilisema nisamehe mama, nisamehe, mpaka Stella akanigusa bega ninyamaze.

Mama Fabian akachukua isale, akalilaza mapajani. "Nimelipokea. Sisi si watu wa kukataa isale. Lakini walinisema mchana, mbele ya watu. Wewe huwezi kunisafisha hapa kwa kunong'ona. Jumamosi jumuiya iko kwa nani?"

"Kwa Dominika," akajibu Stella. Dominika ndiye mwenyekiti wa jumuiya, mama mkali wa rika la mama yangu.

"Mwambieni iwe hapa."

Halafu akainuka, akatuita ndani. Kwenye kona ya chumba, chini ya kitanda, kulikuwa na katoni imefungwa kamba ya katani. Nikaivuta. Ndani vilikuwa vikombe vya udongo vyeupe vyenye mstari wa bluu, dazeni tatu, kila kimoja kwenye gazeti lake. Magazeti yalikuwa ya mwaka themanini na tisa. Alikuwa amevinunua kwa maziwa ya miezi minne, ili zamu yake ya jumuiya ikifika asiazime kwa watu.

"Vioshe," akaniambia. Nikakaa uani nikaviosha vyote thelathini na sita, na Stella akanisuuzia.

Dominika tulimwendea jioni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniita mshenzi, akaniita tena, kisha akajifunika uso kwa kanga. "Hata mimi nilikuwepo kwenye ule moto," akasema. "Mafuta ya taa yalitoka kwangu."

Jumamosi walikuja ishirini na tatu. Wengine walisimama kwanza nje ya uzio, wanatazamana nani atangulie. Dominika akatangulia. Fabian, aliyeitwa na mama yake, alikuwa amefika alfajiri kutoka Himo, nywele zimejaa mvi, na alinipa mkono bila kunitazama. Sikuwa na haki ya kudai zaidi. Baada ya somo nikasimama nikasema. Nikawaonyesha yule askari, nikataja jina la baba yangu, nikataja langu. Mwishowe mzee mmoja nyuma akasema, "Basi tulimchoma mdoli," na mwanamke aliyekaa karibu naye akaanza kulia kwa sauti.

Mama Fabian akainuka. Alishika birika mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaanza kumimina. Chai ikamwagika kwenye sinia, akaendelea. Dominika akapokea cha kwanza kwa mikono miwili, akanywa pale pale mbele ya wote, akaomba kingine. Ndipo wengine wakanyoosha mikono.

Watu wote walipopata, vikombe vilibaki kumi na kadhaa mezani. Akavijaza navyo. Nilidhani amesahau hesabu, ni mzee. Kumbe alikuwa anataja majina polepole, kimoja kimoja, ya wale wa jumuiya ya zamani waliokwisha kufa. Alipofika cha mwisho akakinyanyua, akanijia nacho.

"Hiki cha baba yako," akasema. "Mnywee."

Nilikunywa chote, cha moto vile vile, nimesimama katikati ya watu, Stella akinivuta shati nikae.